Zeze la Ndahani na Mashahidi Watatu

Nani ana masikio?

— Sisi tunayo!

Ya kusikilizia, au ya kuvalia hereni?

— Ya kusikilizia!

Basi yategeni. Na wewe unayetafuna karanga pale nyuma, zimalize au ziweke. Ngano yangu ni ya msiba, na msibani hapatafunwi karanga.

Zamani, zamani sana, watu na wanyama walisema lugha moja na kulala ua mmoja. Palikuwa na kijiji kinaitwa Itunda, nchi kavu, nchi ya mtama na miiba. Katika kijiji hicho aliishi mzee mmoja, jina lake Lungwa.

Lungwa alikuwa mpiga zeze. Zeze lake lilikuwa la kibuyu, lenye nyuzi mbili, na upinde wa singa za mkia wa ng'ombe. Kila jioni, mbuzi wakisharudi, Lungwa aliketi mlangoni pake akapiga. Hakuimba. Alipiga tu.

Nyumbani mwake walikuwamo wanyama watatu. Alikuwamo Paka. Alikuwamo Punda. Alikuwamo Mbwa. Lungwa akipiga zeze, Paka alilala, Punda alilala, Mbwa alilala. Watu wakipita walisema, "Zeze la Lungwa lina dawa. Hata punda linamlaza!"

Siku ikafika, Lungwa akafa. Akamwacha mke wake, Matika. Akamwacha mwanawe wa kiume, Ndahani.

Sasa sikilizeni desturi ya Itunda, maana bila desturi hiyo hamtaelewa kitu, halafu mtasema mimi ndiye nisiyejua kusimulia.

Mwanamke akifiwa na mume, alikalishwa kwenye mkeka nyuma ya nyumba. Alipakwa majivu usoni. Hakupewa mkono na mtu. Hakuvuka kizingiti. Alikaa hivyo mpaka mavuno, na baada ya mavuno mwanawe alimpigia zeze wimbo wa kumwinua. Wimbo huo ulimweleza marehemu: alikuwa nani, aliishi vipi na watu. Ukikubaliwa, mjane anainuka kwa miguu yake mwenyewe, na tanga limekwisha.

Na nani anaukubali? Si watu. Mtu atakusifia zeze lako kwa sababu anaogopa ulimi wako, au kwa sababu anamtaka dada yako. Watu wa Itunda walilijua hilo. Mashahidi walikuwa wanyama wa nyumba ile ile. Mwana wa marehemu anapiga, wanyama wamelala mbele yake. Wakibaki wamelala mpaka mwisho, wimbo ni wa kweli. Akiinuka hata mmoja, wimbo unakatwa hapo hapo. Na mwiko wake ni huu: shahidi haulizwi kwa nini, wala haelezi. Anainuka tu.

Siku za kujaribu ni tatu. Tatu! Zikipita bure, mjane anabaki mkekani mwaka mzima mwingine, mpaka mavuno mengine. Na mjane akifia mkekani, anazikwa bila zeze, na jina lake hapewi mjukuu yeyote. Linapotea kama moshi.

Matika alikuwa amezeeka. Kifua kilikuwa kinambana. Mwaka mwingine asingeuona, na kila mtu pale Itunda alilijua hilo.

Siku ya kwanza ikafika. Jua likaanza kuinama. Watu wakajaa uani kwa Lungwa. Akaja Bibi Nyamizi, mtani wa ukoo ule, maana tanga la Itunda lilisimamiwa na mtani. Mtani hana haya ya msiba. Alikuja na fimbo yake, akaketi karibu na Matika, akamtazama Ndahani kwa jicho moja.

"Haya, mume wangu," akamwambia kwa utani. "Piga tukusikie. Ukishindwa leo, tutakuoza kwa kiziwi."

Watu wakacheka. Ndahani hakucheka. Alikuwa amekaa siku nyingi akiutunga wimbo wake, akiusuka, akiung'arisha. Alitaka baba yake asifiwe kuliko baba wote. Akawalaza Paka, Punda na Mbwa mbele yake. Akavuta upinde. Akaimba, na watu wakaitikia kama mtakavyoitikia ninyi:

Ndii, zeze, ndii!
— Ndii!
Mwinue mama, ndii!
— Ndii!
Lungwa alikula na jirani, ndii!
— Ndii!
Mwaka wa njaa hakuficha punje, ndii!

Hapo hapo Paka akainuka. Akajinyoosha mgongo, akageuka, akaondoka zake, mkia juu.

"Kata!" akasema Bibi Nyamizi.

Wimbo ukakatwa. Watu wakarudi makwao kimya. Matika akabaki mkekani.

Ndahani akamfuata Paka mpaka kwenye ghala. "Wewe Paka, umeniaibisha. Zeze langu lina kosa gani?"

Paka akamjibu, "Mimi ni shahidi. Shahidi haelezi."

"Nimekulisha mimi!"

"Umenilisha panya? Hao nawakamata mwenyewe."

Ndahani akarudi kwa hasira. Akaliangalia zeze lake. Akasema, "Najua. Ni uzi mwembamba. Unapiga kelele, unamuumiza Paka masikio." Akaukata uzi mwembamba, akasokota mwingine mpya. Akauvuta, akausikiliza, akauvuta tena. Ukalia vizuri sana, kuliko ule wa kwanza.

Lakini hakuuamini. Mtu anayejua kazi yake ni safi anaiacha ijisemee, au sivyo? Yeye alikwenda akakamua maziwa, akamwekea Paka bakuli zima, na juu yake bakuli la pili. Paka ni paka. Alikunywa. Alikunywa mpaka tumbo likawa kama kibuyu, na siku ya pili jua lilipoinama, alikuwa amelala fofofo, hasikii la zeze wala la ngoma.

Watu wakaja. Bibi Nyamizi akaja.

"Leo umepaka mafuta, naona," akamwambia Ndahani. "Si wewe tunayekuja kumtazama. Piga."

Ndii, zeze, ndii!
— Ndii!
Lungwa alikula na jirani, ndii!
— Ndii!
Mwaka wa njaa hakuficha punje, ndii!
— Ndii!

Paka alikuwa anakoroma. Ndahani akapata nguvu. Akaendelea:

Lungwa mkono wake pamba, ndii!
— Ndii!
Hakumpiga asiyeweza kulipiza, ndii!

Punda akainuka. Aliinuka polepole, miguu ya nyuma kwanza, halafu ya mbele, kama kawaida ya punda mwenye mzigo. Akasimama katikati ya uwanja, akaelekeza masikio yote mawili kwa Ndahani. Hakulia. Alisimama tu.

"Kata!" akasema Bibi Nyamizi.

Watu wakarudi makwao, na safari hii walinong'ona njiani. Matika akabaki mkekani. Kifua kilikuwa kinasikika mpaka nje ya ua.

Ndahani akamwendea Punda. "Na wewe? Uzi si mpya? Haulii vizuri?"

"Unalia vizuri," akasema Punda.

"Basi umeinukia nini?"

"Mimi ni shahidi. Shahidi haelezi."

Ndahani akapiga mguu chini. "Najua! Ni kibuyu. Kibuyu kinavuma, na punda anaogopa kitu kinachovuma." Akakichukua kibuyu, akakiziba nyufa kwa nta, akakisugua kwa majani mpaka kikang'aa. Akapaka upinde utomvu mpya. Akajaribu. Zeze likalia, jamani! Wasichana waliokuwa wanatoka kisimani wakasimama.

Mnaona alivyokosea? Uzi kabadilisha. Kibuyu kakiziba. Upinde kaupaka utomvu. Neno lenyewe hakuligusa hata moja. Mtu akiwa fundi wa kitu, kosa lolote analitafuta kwenye ufundi wake, maana huko ndiko anakojua kurekebisha.

Usiku huo hakulala. Alisema moyoni, "Kesho ni siku ya tatu. Paka nitampa maziwa. Punda nitamfunga. Na Mbwa je?" Mbwa alikuwa bado hajainuka hata mara moja, lakini siku zote mbili alikuwa amelala macho wazi, na mkia wake haukutikisika.

Asubuhi akamchukulia Mbwa nyama, nono, yenye mfupa.

"Kula, rafiki yangu."

Mbwa akainusa, akageuza uso. "Nyama ya tanga huliwa baada ya tanga."

"Kula, nimesema! Wewe ni mbwa, si mzee wa baraza."

"Nikila hii, jioni nitakuwa na deni mdomoni. Iondoe."

Ndahani akaona Mbwa hanunuliki. Basi alifanya jambo ambalo hata kulisimulia naona vibaya, lakini nitalisema, maana mimi sifichi. Alimpa Paka mabakuli matatu ya maziwa. Alimlaza Punda chini, akamfunga miguu yote minne kwa kamba ya katani, akaifunika miguu kwa ngozi ya ng'ombe. Alimlaza Mbwa, akamfunga miguu, akamfunga na mdomo kwa ukanda, akamtandikia ngozi nyingine shingoni mpaka karibu na pua, kama mtu anayemhurumia mgonjwa.

Na wakati wote akimfunga, Mbwa hakumng'ata. Angeweza. Hakumng'ata.

Jua la siku ya tatu likainama. Watu wakaja, kijiji kizima. Hakuna aliyecheka. Bibi Nyamizi akaketi, akaweka fimbo magotini.

"Ndahani," akasema, "leo sina utani. Jua likigusa kile kilima, mama yako ni wa mkekani mwaka mzima. Piga."

Ndahani akapiga. Akapiga mstari wa kwanza, Paka amelala. Akapiga mstari wa pili, Punda amelala. Akafika mstari wa tatu:

Lungwa mlango wake wazi, ndii!
— Ndii!
Hakumfungia mtu wa damu yake, ndii!

Chini ya ngozi ile, ndani ya koo la Mbwa, kikatoka kitu. Si kubweka, si kulia. Kilikuwa kama jiwe linaloburutwa chini ya maji. Ndahani alikisikia. Akavuta upinde kwa nguvu zaidi, zeze likaifunika sauti ile. Akaimba mpaka mwisho. Akashusha upinde.

Paka amelala. Punda amelala. Mbwa amelala.

"Wamelala," akasema Bibi Nyamizi taratibu. Halafu akamgeukia mjane. "Matika, mke wa Lungwa, inuka."

Matika hakuinuka.

"Matika, inuka."

Matika hakuinuka.

"Matika, kwa mara ya tatu. Inuka!"

Matika alikaa vile vile, mikono mapajani, majivu usoni.

Ndahani akatupa zeze, akamkimbilia mama yake ili amshike makwapa. Bibi Nyamizi akamchapa mkono kwa fimbo. "Mjane hainuliwi kama mtungi! Anainuka mwenyewe, au tanga haliishi. Matika, miguu inakuuma?"

"Miguu mizima," akasema Matika.

"Wimbo hukuusikia?"

"Nimeusikia wote. Mwanangu anapiga vizuri kuliko baba yake." Akapumzika, kifua kikapanda na kushuka. "Lakini huyo mtu aliyeimbwa hapa simjui. Sikuwahi kulala nyumba moja naye. Sikuwahi kumpikia. Mimi nilikaa mkekani kwa ajili ya Lungwa. Mwaka mzima nimemlilia Lungwa. Sasa mnaniambia niinuke kwa tanga la mtu mwingine. Nitainukaje? Mimi si mjane wake."

Watu wakatazamana.

Bibi Nyamizi akasimama. Akamtazama Paka, tumbo wazi, anakoroma. Akamtazama Punda. Akamgusa kwa fimbo. "Inuka, mzee." Punda akajaribu, akaanguka. Bibi Nyamizi akaifunua ngozi kwa ncha ya fimbo. Kamba. Akaifunua ngozi ya pili. Kamba, na ukanda mdomoni.

Watu walishika vichwa.

"Ndahani," akasema Bibi Nyamizi, na sauti yake ilikuwa ndogo sasa. "Umemfunga shahidi."

"Bibi, nilitaka..."

"Nyamaza. Shahidi aliyefungwa, mwiko wake umevunjwa na aliyemfunga. Leo wataeleza. Fungueni kamba hizo! Na huyo mlevi wa maziwa mwamsheni!"

Wakamwamsha Paka. Wakamfungua Punda. Wakamfungua Mbwa.

Paka akasema, "Mimi nilikuwa nalala ghalani kwa Lungwa. Mwaka wa njaa mtama ulikuwa umefika kiunoni mwa mtu. Majirani walikuja na vibuyu, Lungwa akawaambia umekwisha. Mimi nilikuwa nimelala juu ya huo uliokwisha. Ndiyo maana niliinuka."

Punda akasema, "Mgongo wangu una makovu saba. Lungwa alikuwa akigombana na watu kisimani, akinyamaza mbele yao, na njiani akinipiga mimi. Ndiyo maana niliinuka."

Mbwa alikaa kwanza akilamba miguu yake palipochubuka. Kisha akasema, "Mnamkumbuka Mbeleje, binti yake mkubwa? Najua mnamkumbuka, ila hamumtaji. Alimpenda mwana wa mfinyanzi, ng'ambo ya mto. Lungwa akasema ukienda kwa mfinyanzi usirudi. Mbeleje akaenda. Baada ya mavuno mawili akarudi na mtoto mgongoni, kuwasalimu. Lungwa akafunga mlango. Mbeleje aliketi nje tangu asubuhi mpaka jua lilipoinama. Nilimsindikiza mimi mpaka mtoni. Hakuna mtu mwingine aliyemsindikiza."

Ndahani akaziba uso. Siku ile ya mlango yeye alikuwa ndani. Alikuwa mkubwa. Alinyamaza.

Halafu akainua kichwa kwa hasira ya mtu aliyeshikwa. "Sasa mlitaka niimbe hayo? Nimtandaze baba yangu mbele ya watu kama mtama wa kuanika? Nilitaka apumzike kwa heshima!"

"Anapumzika," akasema Bibi Nyamizi. "Maiti haoni haya. Wewe ndiye unayeona haya, ukamkalisha mama yako juu ya haya yako."

Hapo akasimama jirani mmoja, Chiduo, mtu wa maneno machache. Watu wakageuka, maana Chiduo alikuwa hasimami hadharani.

"Mwaka wa njaa," akasema, "nilikuja kwa Lungwa na kibuyu. Akaniambia umekwisha. Nyumbani nilizika mtoto." "Nilijua. Niliona makapi ya mtama nyuma ya nyumba yake. Siku tatu hizi nimekuja hapa kuitikia ndii, ndii, kama mpumbavu. Sikuja kudai kitu. Nimekuja kungoja mtu aseme tu kwamba lilitokea."

Akakaa.

Jua lilikuwa limebakiza upana wa kiganja juu ya kilima.

Mbwa akamsogelea Ndahani. "Mwana wa Lungwa," akamwambia, "sikumaliza. Baada ya siku ile, kila jioni baba yako aliketi mlangoni. Unakumbuka alielekea wapi?"

"Njia ya mtoni," akasema Ndahani polepole.

"Njia ya mtoni. Alikuwa hana la kusema, basi akapiga zeze. Mnauliza kwa nini tulilala? Tulilala kwa sababu zeze lile halikudanganya. Lilisema nimekosa, nimekosa, mpaka giza. Nawe liimbe hilo pia. Ukweli wa mtu si makosa yake peke yake."

Ndahani akaokota zeze. Uzi mwembamba ulikuwa umelegea lilipoanguka. Hakuukaza. Akavuta upinde, na zeze likalia kwa mkwaruzo. Sasa itikieni, lakini msipige kelele, itikieni kwa chini:

Lungwa alificha mtama, ndii.
— Ndii.
Chiduo akazika mtoto, ndii.
— Ndii.
Lungwa alimpiga Punda, ndii.
— Ndii.
Hasira ya watu akamtwika mnyama, ndii.
— Ndii.
Lungwa alifunga mlango, ndii.
— Ndii.
Nami nilikuwa ndani, sikuufungua, ndii.
— Ndii.
Jioni zote akaitazama njia, ndii.
— Ndii.
Akaogopa kuifuata, akapiga zeze, ndii.

Paka akajikunja, akalala, macho wazi. Punda akapiga magoti, akalala. Mbwa akaweka kidevu chini, akalala.

Na Matika akasema, "Huyo ndiye." Akaweka kiganja chini. Akaweka na cha pili. Goti likapanda. Akasimama. Akayumba, akasimama tena, kwa miguu yake mwenyewe, na jua likagusa kilima.

Wanawake walipiga vigelegele huku wanalia. Wakaja na vibuyu vya maji, maana desturi ilitaka mjane aliyeinuka aoshwe majivu na binti yake, na asiye na binti aoshwe na majirani. Matika akawazuia kwa mkono.

"Ahsanteni, wenzangu. Wa kuniosha yupo."

Akamwita Mbwa. "Njia unaijua."

Ndahani akataka kwenda naye. Bibi Nyamizi akamzuia. "Wewe una kazi hapa. Mikono iliyomfunga shahidi haitapiga zeze kwenye tanga la mtu mwingine. Na mpaka mavuno mengine, maji ya nyumba hii utabeba mgongoni wewe, Punda akitazama."

Siku nzima ya kesho yake Ndahani alipanda na kushuka kisimani, na Punda akimtazama. Kwa Chiduo alipeleka maji kwanza, kabla ya kwake.

Matika alilala njiani kwa jamaa, akafika mtoni asubuhi, akavuka, na majivu yake usoni. Ng'ambo palikuwa na mwanamke anaanika vyungu. Alimwona Mbwa kwanza. Halafu akamwona mama yake. Chungu kikamponyoka, kikavunjika.

"Mama! Baba yuko wapi?"

"Amekufa, mwanangu. Mwaka sasa."

"Na wewe umekuja kufanya nini kwa mfinyanzi?"

Matika akaketi juu ya jiwe, akafumba macho, akamwinulia uso.

"Nimekuja unioshe," akasema.

Mbeleje akaviacha vyungu vyake. Kisha akaenda akachota maji.

Ndiyo maana mpaka leo, mwenye nyumba akikamata zeze, paka anaweza kuinuka akaondoka, punda akasimama akaelekeza masikio, na mbwa akainua pua akalia. Ninyi mnasema, "Huyu mnyama hapendi muziki." Mnakimbilia kukaza nyuzi! Kabla hujakaza uzi, jiulize umesema nini.

Na funzo nitalisema wazi, sitaki mtu aende akalipindisha. Umpendaye akifa, mlilie jinsi alivyokuwa. Ukimpamba mpaka asitambulike, aliyempenda atabaki mkekani, na aliyeumizwa naye ataendelea kungoja. Na ukimfunga shahidi mdomo, kosa ulilolificha unalizaa upya, sasa likiwa lako.

Nimefunga kinywa.

— Nasi tumefunga masikio!

Msiyafunge. Nendeni nayo wazi.